Do Iko Wapi Katika Shingo ya Gitaa?

Katika shule yetu wako wapenda muziki wa namna mbili, na ajabu ni kwamba hawasaidiani. Wa kwanza ni waimbaji wa kwaya. Hawa wakipewa karatasi ya solfa huisoma kama wasomavyo gazeti, na ukiwaambia waruke kutoka do hadi la hawakosi. Lakini mpe mmoja wao gitaa, atalishika kama mtu aliyepewa mtoto mchanga asiye wake. Wa pili ni wapiga gitaa. Vidole vyao ni vyepesi, nao wajua kubana hapa na kuhamia pale, ila ukimwuliza mmoja, "Nota hiyo unayoibana yaitwaje?" atacheka na kukujibu kwamba gitaa halipigwi kwa majina.

Mimi nimo katika makundi yote mawili. Naimba besi katika kwaya, na gitaa nimejifunza mwenyewe kwa muda wa miaka miwili, maana mwalimu wa chombo hicho hatuna. Nataka kuonyesha ya kuwa mwimbaji wa solfa amekwisha kujua nusu ya elimu ya gitaa bila kujitambua, na kwamba mpiga gitaa akikubali kuimba kidogo ataifahamu shingo ya chombo chake upesi kuliko anavyodhani.

Labda utauliza, majina ya nini, ikiwa mkono wafanya kazi? Swali hilo ni la haki, nami sitaki kulipita. Katika mwaka 1952 Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka Afrika kunasa muziki kwa mashine, alimkuta kijana Jean-Bosco Mwenda katika mji wa Jadotville huko Katanga, mji ambao siku hizi waitwa Likasi. Mwenda alizaliwa mwaka 1930. Aliimba kwa Kiswahili, na gitaa alilipiga kwa kidole gumba na kidole cha shahada tu, gumba likitembea katika nyuzi nene na shahada ikichezea nyuzi nyembamba, hata msikilizaji akadhani wako wapigaji wawili. Wimbo wake "Masanga" ulifika mbali sana. Lakini watu waliotaka kuusoma upigaji ule katika karatasi walingoja hadi mwaka 1961 na 1962, wakati David Rycroft alipousikiliza katika sahani za santuri na kuuandika nota kwa nota, akauchapisha katika jarida liitwalo African Music. Sasa fikiri: kama mashine ile isingepita Jadotville, Rycroft angeandika nini? Na hapa kwetu, katika Nakivubo na Kisenyi, ni wazee wangapi waliopiga nyimbo zao jioni, wala hapakupita mashine wala mwandishi? Mtu asiyejua jina la nota hawezi kumwachia mwenzake wimbo wake katika kipande cha karatasi. Ndiyo maana mimi nayataka majina.

Basi tuanze na jambo ambalo kila mwanakwaya analijua kwa koo lake, hata kama hajaliambia akili yake. Hatua za solfa hazilingani. Toka do hadi re ni hatua nzima, yaani toni moja. Re hadi mi ni toni moja. Mi hadi fa ni nusu toni tu. Fa hadi so, so hadi la, la hadi ti, ni toni moja moja. Kisha ti hadi do ya juu ni nusu toni tena. Imba polepole, utasikia jinsi mi inavyoiegemea fa, na jinsi ti isivyoweza kutulia mpaka imefika do.

Sasa tazama shingo ya gitaa. Vile vyuma vyembamba vilivyolazwa kukingama, ambavyo wapigaji huviita freti, si mapambo. Toka freti moja hadi ya pili yake ni nusu toni, popote ulipo shingoni. Kwa hiyo hesabu yake ni ya darasa la kwanza: penye toni nzima ruka freti mbili, penye nusu toni sogea moja. Shika uzi mnene wa juu, uupige bila kuubana, na uuite do. Re itakuwa katika freti ya 2, mi ya 4, fa ya 5, so ya 7, la ya 9, ti ya 11, na do ya juu katika freti ya 12. Kidole kikae nyuma kidogo ya chuma, si juu yake, ama sauti itakwama.

Fanya hivyo katika uzi mmoja kwa siku nzima, kisha uende wa pili, mpaka umalize sita. Na hapa nina neno moja la kusisitiza: imba kwanza, kidole kifuate. Ukipiga kwanza na kuimba baadaye, sikio lako litakuwa mtumwa wa mkono, nawe utajua freti lakini hutajua nota. Mimi nilitumia nusu saa kila siku baada ya chakula cha usiku, kabla ya kengele ya masomo ya jioni, na katika juma la kwanza sikugusa uzi zaidi ya mmoja kwa wakati mmoja. Wenzangu waliona ni mchezo wa watoto. Kweli unafanana na mchezo wa watoto.

Tukishakuzoea kupanda na kushuka hivyo, twaweza kuzijua herufi. Nyuzi sita za gitaa, toka mnene hadi mwembamba, zaitwa E, A, D, G, B, E. Juu ya kila karatasi ya kwaya yetu pameandikwa Do = G, au Do = F, au nyingineyo, na wengi wetu hatujali maandishi hayo kwa kuwa kiongozi ndiye atoaye sauti ya kuanzia. Kumbe hapo ndipo mlango wa gitaa ulipo. Herufi ni kama jina la mtaa, na solfa ni kama cheo cha mtu katika ukoo. Nakivubo ni Nakivubo kila siku, haihami. Lakini mtu yule yule ni baba nyumbani kwake, na ni mjomba akienda kwa dada yake. Ndivyo ilivyo G: wimbo ukiwa Do = G yeye ni do, ukiwa Do = C yeye ni so, na ukiwa Do = F yeye ni re. Mtaa ni ule ule, cheo kimebadilika.

Weka do katika C, uhesabu: C, D, E, F, G, A, B, C. Mi na fa zimeangukia E na F, na ti na do zimeangukia B na C. Kwa hiyo kati ya E na F, na kati ya B na C, hapana freti ya katikati. Kwingineko kote ipo moja. Hilo tu likikukaa kichwani waweza kutembea katika uzi wowote. Katika uzi mnene wa E, F ni freti ya 1, G ya 3, A ya 5, B ya 7, C ya 8, D ya 10, na E tena ya 12. Katika uzi wa A, B ni freti ya 2, C ya 3, D ya 5, E ya 7, F ya 8, G ya 10, na A ya 12.

Nyuzi sita kwa freti 12 ni mahali 72, na vitabu vingine vya kujifundishia hutoa picha yenye mahali pote hapo na kumwambia mwanafunzi akariri. Sioni faida yake. Mtu atachoka kabla ya likizo. Yatosha kujua vizuri nyuzi mbili nilizozitaja, kisha kutumia njia hii. Ukibana nota yoyote katika uzi wa sita (yaani ule mnene) au wa tano, ruka uzi mmoja na usogee freti mbili mbele. Hapo utapata nota yenye jina lile lile, sauti ya juu yake. G ya freti ya 3 katika uzi wa sita hukutana na G ya freti ya 5 katika uzi wa nne. Ukianzia uzi wa nne au wa tatu, ruka uzi mmoja vilevile, lakini usogee freti tatu badala ya mbili.

Mbona tatu? Sababu yake ndiyo ile ile inayowasumbua watu wakati wa kulinganisha nyuzi. Wote husema, "Bana freti ya tano, uufananishe na uzi unaofuata, ila katika uzi wa G bana ya nne." Husema hivyo kama sheria ya kijiji ambayo hapana ajuaye ilitoka wapi. Imba nawe utaiona. Toka E hadi A ni do hadi fa. Toka A hadi D ni do hadi fa. D hadi G, do hadi fa. G hadi B, do hadi mi tu! Kisha B hadi E ya mwisho, do hadi fa. Do hadi fa ni nusu toni tano, do hadi mi ni nne. Mwanakwaya aweza kulinganisha gitaa zima bila kubana freti hata moja, kwa kuimba do-fa mara mbili, tena ya tatu, do-mi, na do-fa ya mwisho. Simu zenye programu ya kulinganisha nyuzi haturuhusiwi kuwa nazo shuleni, kwa hiyo mimi huchukua A moja tu toka kinanda cha kanisani, na zilizobaki hutoka kooni.

Solfa hii tuliyonayo yafaa tuiheshimu kidogo. Chanzo chake ni Bibi Sarah Glover, mwalimu wa mji wa Norwich katika Uingereza, na aliyeieneza ni mchungaji John Curwen, aliyeishi toka 1816 hadi 1880. Iliandikwa kwa herufi za kawaida, hata mtambo mdogo wa kuchapia ukaweza kuichapa bila ile mistari mitano. Wako wanaoidharau siku hizi na kusema ni ya watu wasiojua kusoma muziki wa kweli. Mimi nasema mistari mitano na tujifunze, lakini kwa mtu anayetafuta nota kwa kidole mahali pasipo mwalimu, solfa ndiyo taa iliyo karibu.

Sasa nakuja kwa wapiga gitaa, maana wamengoja. Ninyi mnajua mkao wa vidole uitwao G: freti ya 3 katika uzi wa sita, freti ya 2 katika uzi wa tano, nyuzi tatu wazi, na freti ya 3 katika uzi wa kwanza. Nyote mwaujua. Piga uzi mmoja mmoja polepole, toka mnene, na uimbe ukiifanya G kuwa do. Utapata do, mi, so, do, mi, do. Hapana kingine humo! Mkao wenyewe ni do-mi-so iliyokunjwa ili ienee mkononi. Fanya hivyo kwa mkao wa C, uanzie uzi wa tano, bila kuihamisha do yako toka G: utasikia fa, la, do, fa, la. Na mkao wa D, ukianzia uzi wa nne, ni so, re, so, ti. Sauti zikilia pamoja namna hii wapigaji huziita kodi (wala si ile inayolipwa serikalini), na kodi hizi tatu, ya do, ya fa na ya so, zatosha kusindikiza nyimbo nyingi sana tuimbazo.

Katika ile kodi ya D kuna ti, nayo yapaswa ikae freti moja tu chini ya do. Do yetu ni G, freti ya 3 ya uzi mnene. Chini yake ni freti ya 2. F tumeona iko freti ya 1. Basi ti ya wimbo huu si F, ni F iliyopandishwa nusu toni, nayo yaitwa F shapu. Nilipokuwa kidato cha kwanza niliambiwa kwamba G ina shapu moja, nikakariri. Kidole kilipofika hapo nilijua kwa nini inayo.

Faida ya haya huonekana siku kiongozi wa kwaya anaposema, "Leo sauti za kwanza ni nzito kidogo, tushushe do toka A hadi G." Mpigaji asiye na majina hukwama, maana alikariri mikao ya wimbo ule kama shairi. Mwenye majina hajali. Do, fa na so za A zilikuwa A, D na E. Za G ni G, C na D. Anahamia mtaa mwingine na ukoo wake wote.

Neno juu ya kufanyia mazoezi mjini. Likizo zangu nazitumia Nakivubo, karibu na uwanja wa mpira uliofunguliwa mwaka 1926 na kujengwa upya hata ukafunguliwa tena mwaka 2024, na yeyote ajuaye mahali hapo ajua kwamba kimya hakiuzwi. Pikipiki, honi za teksi, wauza mitumba wa soko la Owino. Njia yangu ni kulaza shavu juu ya mbao za gitaa. Sauti hupita katika mfupa wa taya, nawe wasikia nota yako hata basi likipita. Makelele yenyewe pia ni shule. Muuzaji mmoja wa mashati huita wateja kwa nota mbili, so na mi, asubuhi hadi jioni, wala hajui kwamba ananifundisha.

Kisenyi, hatua chache toka hapo, yuko fundi anayetengeneza magitaa. Siku moja kijana alimletea gitaa la kujitengenezea, lenye nyuzi za waya wa breki ya baisikeli, akalalamika kwamba akilinganisha chini, juu huharibika. Fundi hakugusa nyuzi. Alichukua futi na kupima, kisha akasema, "Mwanangu, usikaze tena. Hapana waya utakaoponya ubao uliopimwa vibaya." Freti ya 12 yapaswa kuwa katikati kabisa ya uzi, toka kijiti cha juu hadi daraja la chini, maana uzi ukikatwa nusu hutikisika mara mbili zaidi: uzi wa A hutikisika mara 110 kwa sekunde, na katika freti ya 12 mara 220. Freti nyingine hupatikana kwa kugawanya urefu uliobaki kwa 17.817. Uzi wa sentimeta 65 huipata freti ya kwanza karibu sentimeta 3.65 toka juu, na ya pili sentimeta 3.44 mbele yake, na nafasi zaendelea kupungua hivyo hivyo. Mwenye gitaa la mitumba na achukue rula kabla ya kulipa fedha.

Limebaki jambo moja, nalo ndilo linalonishughulisha kuliko yote. Bibi yangu, ambaye sisi Waganda twamwita jjajja, anao wimbo wa zamani ninaotaka kuuandika. Una nota tano. Nilipoutafuta katika gitaa kwa do, re, mi, so, la, jjajja alisikiliza, akasema, "Wakaribia, mjukuu wangu, lakini huo si wenyewe." Kwanza nilidhani ni uzee wa sauti. Baadaye nilisoma habari za Klaus Wachsmann, aliyekuwa msimamizi wa Jumba la Makumbusho la Uganda, ambaye mwaka 1950 alichapisha vipimo vya nyuzi za ennanga, kinubi cha Waganda, na kuonyesha kwamba hatua zake tano zakaribia kulingana. Amadinda nazo hupangwa kwa njia hiyo. Sasa fanya hesabu. Toka do hadi do ya juu ni freti 12. Gawanya kwa tano, kila hatua ni freti 2.4. Gitaa halina freti ya 2.4! Do, re, mi, so, la za gitaa hukaa katika 0, 2, 4, 7 na 9. Za jjajja, kama hatua ni sawa kabisa, hukaa katika 0, 2.4, 4.8, 7.2 na 9.6. Nota yake ya nne ni kama so yetu. Ya pili iko juu ya re. Ya tatu yaikaribia fa kuliko mi, na ya tano haiko katika la wala katika freti ya mbele yake.

Kwa hiyo jjajja alikuwa akiimba sawasawa kabisa, na aliyekosa njia ni gitaa. Ningeuandika wimbo kama gitaa lilivyotaka, wajukuu wangejifunza wimbo mwingine wenye maneno ya jjajja. Dawa niliyopata si kamili. Kidole kikibana freti ya 2 na kuusukuma uzi kando kidogo, sauti hupanda, na kwa mazoezi hufika pale sikio linapotaka. Hali kadhalika freti ya 9. Nota ya tatu naipiga katika freti ya 5 bila kuisukuma, nayo imezidi kidogo tu. Katika karatasi nimeandika r na l zenye mshale mdogo juu yake, na chini nimeeleza maana ya mshale. Nilimpigia tena likizo iliyopita. Ubeti wa kwanza aliupita kimya. Katika wa pili alianza kuimba, nami nikaongeza mshale mmoja pale sauti yake ilipopanda zaidi ya kidole changu.